Sare, nywele na sweta kiunoni: wanafunzi wanalalamikia nini hasa?

Kila Januari hadithi ni ile ile. Inasambaa picha ya mwanafunzi aliyesimamishwa nje ya geti la shule, mara kwa sababu ya nywele, mara viatu, mara sweta la rangi isiyotakiwa, na watu wanagawanyika papo hapo. Kundi moja linasema watoto wa siku hizi wamedekezwa, sare ni sare. Kundi jingine linasema sare zifutwe, ni mabaki ya ukoloni. Aliyesimama pale getini haulizwi kitu, na akiulizwa, jibu lake mara nyingi haliangukii upande wowote kati ya hizo mbili.

Ukikaa na wanafunzi wa sekondari, wa shule za kata au wa zile za kulipia, ni wachache watakaokwambia wanataka kwenda shule na jinzi. Malalamiko yao ni ya aina nyingine, na ili yaeleweke inabidi kwanza tutenganishe mambo matatu ambayo katika mazungumzo yetu huwa tunayachanganya.

La kwanza ni sare yenyewe, yaani nguo: shati jeupe, sketi ya marinda au suruali ya bluu, sweta la rangi ya shule, soksi, viatu vyeusi. La pili ni kanuni za mwonekano, yaani mengine yote ambayo shule inayatazama kwenye mwili wa mwanafunzi: urefu wa nywele, kucha, hereni, urefu wa sketi, upana wa suruali, shati limechomekwa au limeachwa nje, ushungi, kilemba, hina mikononi. La tatu ni utekelezaji: nani anakagua, anakagua lini, na aliyekosea anafanywa nini.

Chukua mfano wa mpira. Jezi inaonyesha wewe ni wa timu gani, na hiyo ndiyo sare. Kadi mwamuzi anaitoa kwa sheria za mchezo, ambazo ni kitu kingine kabisa. Na mchezaji akikutwa soksi au viatu vyake vina kasoro, mwamuzi anamtoa pembeni arekebishe, kisha anarudi uwanjani. Hanyimwi mechi. Tutaurudia mfano huu tukifika kwenye adhabu.

Kwamba sare na kanuni za mwonekano ni vitu viwili, Ufaransa inaonyesha vizuri. Shule nyingi za serikali kule hazina sare, mtoto anavaa alichonacho kabatini. Lakini tangu 2004 nchi hiyo ina sheria inayowakataza wanafunzi wa shule za serikali kuvaa alama za dini zinazoonekana waziwazi, na mwaka 2023 serikali ikaiingiza abaya kwenye katazo hilo. Sare hamna, ila binti anaweza kurudishwa nyumbani kwa ajili ya gauni refu. Anayedhani kufuta sare kutamaliza ugomvi wa mavazi shuleni atazame huko.

Na wanaosema ni mabaki ya ukoloni? Wana nusu ya hoja. Sare kweli zilitufikia kupitia shule za misheni na za serikali ya kikoloni. Lakini huko zilikotoka hazikuanza kama vazi la wakubwa. Shule ya Christ's Hospital ya Uingereza, iliyoanzishwa London mwaka 1552 kwa ajili ya watoto wa maskini, iliwavisha makoti marefu ya bluu, na wanafunzi wake wanayavaa mpaka leo. Sare ilikuwa nguo ya mtoto anayesomeshwa kwa sadaka. Shule za matajiri ziliichukua baadaye sana, na ndiyo sura iliyoletwa kwetu, pamoja na tai na koti zito, mpaka kwenye joto la Tanga.

Tuanze na nguo yenyewe. Dar es Salaam sare ni kitambulisho kabla ya kuwa kitu kingine chochote. Nauli ya mwanafunzi kwenye daladala kwa miaka imekuwa shilingi 200, chini kabisa ya anayolipa mtu mzima, na konda hahitaji kuona karatasi, anaona shati jeupe. Lakini konda huyo huyo ana hesabu ya tajiri kichwani, yaani fedha za kumpelekea mwenye gari jioni. Akikuta mashati meupe kumi kituoni saa kumi na mbili asubuhi, anagonga bodi gari liondoke, au anapiga kelele: "Wanafunzi wawili tu!" Wanane waliobaki wakifika shule wamechelewa, wanakutana na mwalimu wa zamu. Sare ile ile imewapunguzia nauli na kuwanyima gari. Katika mijadala yote ya watu wazima kuhusu sare, hili la konda silisikii, na kwa mwanafunzi wa kutwa ndilo la kila siku.

Hoja inayopendwa zaidi na wazazi ni kwamba sare inafuta tofauti kati ya mtoto wa mwenye nacho na wa asiye nacho. Kwa mbali, ni kweli. Ukiwa barabarani unatazama watoto mia tano mstarini, wote ni bluu na nyeupe. Sogea karibu. Ikifika Machi, shati la mwenye mashati matatu na la mwenye moja hayafanani tena. La pili limefuliwa kila jioni, limeingia unjano kwenye kola, na kola yenyewe imeshafumuliwa na fundi ikageuzwa, upande uliochakaa ukafichwa ndani. Masika likikosa jua linavaliwa bichi. Angalia na sketi iliyoshushwa pindo: chini kuna mstari, na kitambaa kilichokuwa kimekunjwa ndani kina rangi iliyokolea kuliko kilicho juu yake, kwa sababu hakijapauka. Mstari huo unawaambia wenzake kwamba hii ni sketi ya mwaka juzi, pengine ya dada yake. Kisha viatu. Fomu ya kujiunga imeandika "viatu vyeusi vya kamba" tu, na kwenye neno hilo moja wanaingia mtoto aliyenunuliwa vya ngozi dukani na aliyepaka kiwi mtumba wa kahawia. Wanafunzi wanazisoma alama hizi haraka kuliko mwalimu yeyote.

Kwa hiyo sare inapunguza tofauti, haiifuti. Na kupunguza si jambo dogo. Mtoto wa shati moja akilazimika kutafuta nguo tano tofauti za wiki nzima ndipo angeaibika kweli. Ndiyo maana mara nyingi mtoto maskini hana ugomvi na kuwepo kwa sare. Ugomvi wake ni kwamba inauzwa.

Hapa kuna mkanganyiko mkubwa. Tanzania ilipoanza elimu bila ada mwaka 2016, wazazi wengi walielewa kwamba mtoto sasa anasoma bure. Kilichofutwa ni ada na michango ya lazima. Sare, madaftari na kalamu vilibaki mikononi mwa mzazi. Mtoto anayekaa nyumbani Januari nzima wakati "shule ni bure" mara nyingi anasubiri fundi, au anasubiri fedha za fundi.

Je, nguo moja inaweza kumzuia mtoto kusoma? Jibu lilipatikana magharibi mwa Kenya. Watafiti Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer walifanya utafiti katika shule za msingi 328, na katika baadhi yake, zilizochaguliwa kwa bahati nasibu, wanafunzi wa darasa la sita walipewa sare bure. Baada ya miaka mitatu, wasichana walioacha masomo walikuwa karibu asilimia 16, dhidi ya karibu 19 katika shule ambazo hazikupewa sare, na waliopata mimba karibu asilimia 13 dhidi ya 16. Hakukuongezwa mwalimu wala darasa, walipewa nguo. (Duflo na Kremer ndio hao waliokuja kupata tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019, pamoja na Abhijit Banerjee.) Kwa hiyo swali la kama sare ni nzuri au mbaya ni swali pungufu. Mtoto aliyepewa sare imemsaidia kubaki darasani. Mtoto anayedaiwa sare inaweza kumtoa.

Kuna na mchezo wa nembo. Shule inaamua sweta au fulana ya michezo iwe na nembo iliyodariziwa, na inapatikana ofisini kwa mhasibu tu, au kwenye duka moja. Sweta la rangi ile ile lipo Kariakoo kwa bei ya chini, lakini halina nembo, kwa hiyo "si sare". Uingereza tatizo hili lilitungiwa sheria mwaka 2021: shule za England zinatakiwa kuweka vitu vyenye nembo viwe vichache iwezekanavyo, na gharama ya sare ifikiriwe kabla ya kupangwa. Kwetu fundi wa mtaani angeshona na nembo juu yake, angeruhusiwa tu.

Sasa kanuni za mwonekano, ambako ndiko joto lilipo.

Sketi kwanza. Msichana anashonewa sketi akiingia kidato cha kwanza, inafika chini ya magoti. Kidato cha tatu amerefuka, sketi imebaki palepale, na mstarini anaitwa mbele kwa kosa la "kufupisha sketi". Hajafupisha chochote. Wapo wanaofupisha kweli, kama walivyo wavulana wanaopeleka suruali kwa fundi iwe modo, yaani ya kubana, au wanaoishusha mlegezo, na hao wanajua wanachofanya. Kinachowauma wengine ni kuwekwa nao kundi moja bila kuulizwa.

Halafu sweta kiunoni. Shule nyingi zinakataza kufunga sweta kiunoni, inahesabiwa ni uhuni. Muulize msichana yeyote kwa nini sweta limeshuka kutoka mabegani hadi kiunoni saa nne asubuhi, katikati ya kipindi. Amechafuka. Pedi imejaa au hakuwa nayo, choo kiko mbali au hakina maji, na sweta ndilo ukuta pekee alionao kati yake na darasa zima la mchanganyiko. Sheria inamtaka alifungue mbele ya watu. Sidhani kama walioiandika walikuwa na nia mbaya. Nadhani hawakuwahi kuwa wasichana wa kidato cha pili, au wamesahau.

Kofia nayo. Mwanafunzi mwenye ualbino anahitaji kofia pana, mikono mirefu na mafuta ya kukinga jua, kama yale ya Kilisun yaliyoanza kutengenezwa hospitali ya KCMC, Moshi. Ngozi yake haina kinga ya kutosha dhidi ya jua, na saratani ya ngozi kwa watu wenye ualbino hapa kwetu inakuja mapema. Shule inayosema "kofia marufuku, mashati mikono mifupi" kwa wote inadhani imetenda usawa. Kwa mwanafunzi huyu mmoja imeweka sharti la kuumia.

Na nywele. Shule nyingi za serikali Tanzania Bara zinawataka wasichana wanyoe. Sababu zinazotolewa si za kubeza: muda wa kusuka, fedha za msusi, maji, chawa bwenini. Aliyewahi kulala bweni la watu themanini lenye bomba moja atakuelewa. Lakini wanafunzi wana swali ambalo sijasikia likijibiwa vizuri. Shule ya kulipia ng'ambo ya barabara wasichana wamesuka twende kilioni, mistari imenyooka, na mwisho wa mwaka wote wanafanya mtihani ule ule wa NECTA, Baraza la Mitihani. Kama sababu ni maji na muda, basi isemwe hivyo, na wa kutwa mwenye maji kwao aruhusiwe. Kama sababu ni kwamba nywele ndefu zinaleta utovu wa nidhamu, mbona kwa jirani hazileti?

Tufike mahakamani, maana hapa ndipo upotoshaji mwingi ulipo.

Kesi inayotajwa sana ni ya Isiolo, Kenya. Shule moja ya sekondari inayodhaminiwa na Kanisa la Methodist iliingia kwenye mgogoro kuhusu wasichana Waislamu kuvaa hijabu na suruali nyeupe juu ya sare ya kawaida. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ilikataa. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufaa ikageuza, ikaruhusu. Januari 2019 Mahakama ya Juu ikaitengua hukumu ya Rufaa, na siku ile ile ikasambaa kwamba Kenya imepiga marufuku hijabu shuleni. Sivyo. Majaji walio wengi walisema madai ya mzazi aliyewatetea wasichana hao hayakufikishwa mahakamani kwa utaratibu unaotakiwa, kwa hiyo hayakupaswa kuamuliwa kupitia kesi ile, na mlango wa kufungua nyingine ukaachwa wazi. Kama hijabu ni haki ya mwanafunzi au la, swali hilo hawakulifikisha mwisho. Anayekwambia "mahakama imeshasema" muulize imesema nini.

Mwaka huo huo wa 2019, msichana wa kidato cha kwanza Kibra, Nairobi, alikataliwa darasani kwa sababu ya rasta zake, alizokuwa akizifunika kwa kilemba. Familia ilisema ni imani yao ya Kirastafari. Mahakama Kuu iliamua Septemba kwamba imani hiyo inalindwa na Katiba kama nyingine, na kwamba shule ilikosea kumzuia. Malawi, Mei 2023, Mahakama Kuu iliyoketi Zomba nayo ilisema watoto wa Kirastafari wapokewe shule za serikali na nywele zao. Na kabla ya wote hao, mwaka 2007, Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilimpa ushindi mwanafunzi wa Durban mwenye asili ya India aliyevaa kipini puani kwa desturi ya kwao. Shule ilidai ukimruhusu mmoja, nidhamu itaporomoka. Mahakama haikuona ushahidi wa hilo.

Zisome hukumu hizi zote, hakuna hata moja iliyofuta sare, wala iliyosema mwanafunzi avae atakavyo. Binti wa Durban alivaa sare yake kamili, na kipini. Wasichana wa Isiolo waliomba kuongeza, hawakuomba kuvua. Walipofika kwenye kiini cha jambo, majaji waliuliza maswali mawili ambayo hata mwanafunzi wa darasa la saba angeweza kuuliza: kanuni hii ina sababu gani, na mtoto huyu akiachiwa, nani anaumia?

Hukumu za nchi nyingine haziibani mahakama ya Tanzania, hilo lieleweke. Ila kwetu suala la hijabu limepoa kwa njia rahisi kuliko kesi. Shule nyingi zimeuingiza ushungi ndani ya sare yenyewe, kwa rangi iliyopangwa, na Zanzibar ushungi mweupe ni sehemu ya sare ya msichana wa shule ya serikali. Ukishaandikwa kwenye fomu, hakuna wa kugombana naye mstarini.

Imebaki adhabu, na ukinilazimisha kuchagua, hapa ndipo wanafunzi wana haki ya kukasirika kuliko kwingine kote. Kosa la sweta linaadhibiwa kwa kurudishwa nyumbani. Mwanafunzi anakosa hesabu, anakosa Kiingereza, anarudi kesho na sweta lile lile kwa sababu usiku mmoja haujawaletea wazazi wake fedha, anarudishwa tena. Mchezaji aliyetolewa kurekebisha soksi ameachwa nje mpaka mpira umekwisha. Wapo pia walimu wanaopitisha mkasi katikati ya kichwa cha mtoto mbele ya wenzake, njia moja kutoka paji la uso hadi kisogoni, au wanaochana suruali ya modo kuanzia pindo. Mtoto aliyechorwa njia kichwani anaweza kunyoa zote jioni. Suruali iliyochanwa ilikuwa ya pekee, na mzazi aliyeilipia hakuwepo mstarini.

Anayesema bila ukali huo nidhamu itakufa anachanganya tena la pili na la tatu, yaani kanuni na utekelezaji wake. Unaweza kuwa na kanuni ngumu na adhabu nyepesi: jina liandikwe, apewe wiki mbili, mzazi ajulishwe kwa simu, mtoto abaki darasani. Kanuni iko palepale, na kipindi cha hesabu kipo palepale.

Kwa mwanafunzi au mzazi mwenye hoja, njia yenye nafasi nzuri ni ile inayoanza kabla ya geti. Fomu ya kujiunga isomwe mara inapotoka. Kama kuna sababu ya dini au ya afya, barua iandikwe kwa mkuu wa shule kabla ya siku ya kuripoti, na kwa suala la ngozi au ugonjwa iambatane na maelezo ya daktari. Ikikwama hapo inakwenda bodi ya shule, ambako wawakilishi wa wazazi wapo, kisha kwa afisa elimu. Malalamiko ya wote, kama la nembo au la sketi iliyozidiwa na mwili, yanafaa yapite kwa serikali ya wanafunzi, yaandikwe kama ombi la kubadili kifungu fulani, kikitajwa kwa namba yake. "Tunaonewa" haina wa kuijibu.

Mengine yatahitaji vikao na fedha. La sweta kiunoni halihitaji. Mwalimu wa zamu anaweza kulimaliza kesho asubuhi mstarini, kwa tangazo la nusu dakika.